Sheria za Vita Katika Mchezo wa Vita

Yamkini wako wasomaji watakaoona ajabu kwamba mchezo wa kompyuta wapewa nafasi penye makao ya tenzi na tamthilia. Ajabu hiyo yaeleweka, walakini haina haki. Vita vya Majimaji vilisimuliwa kwa utenzi na Abdul Karim bin Jamaliddini, na utenzi huo ukapigwa chapa mwaka 1957. Vikasimuliwa tena kwa tamthilia na Ebrahim Hussein katika Kinjeketile, mwaka 1969. Vita vya Wahehe navyo vimepata tamthilia ya Mugyabuso Mulokozi, Mukwava wa Uhehe. Kila chombo kilichukua kilichoweza kuchukua, kikaacha kilichokilemea. Leo kijana wa Iringa au wa Mbeya aghalabu hukutana na vita mara ya kwanza katika kioo, kidole chake kikiwa juu ya kitufe, na huenda mwaka ukapita asifungue utenzi wowote. Uhakiki ukikikataa chombo hiki, kitaendelea kufundisha pasipo mtu wa kukiuliza chafundisha nini.

Mchezo unaokusudiwa hapa ni Arma 3, uliotolewa mwaka 2013 na kampuni ya Bohemia Interactive ya Prague, na hasa nyongeza yake iitwayo Laws of War, yaani Sheria za Vita, iliyotoka Septemba 2017. Nyongeza, katika biashara hii, ni kitu kinachouzwa peke yake baada ya mchezo wenyewe kwisha kununuliwa: ardhi mpya, silaha mpya, au kisa kipya. Desturi ya nyongeza ni kuzidisha. Aliyekuwa na bunduki kumi huongezewa kumi nyingine, na aliyekuwa na kisiwa kimoja hupewa cha pili. Mchezo wenyewe wajisifu kwa uhalisi wake. Risasi huzidi kushuka kadiri iendavyo mbali. Mtu akikimbia hutweta na shabaha yake hutetemeka. Jeraha moja laweza kumaliza kazi ya saa nzima. Kisiwa chake kikubwa, Altis, ni cha kubuniwa, lakini kimefuatishwa sura ya Lemnos, kisiwa cha kweli cha Ugiriki. Na bidii hiyo ya uhalisi ilipata kulipiwa, kwani Septemba 2012 watumishi wawili wa kampuni hiyo walikamatwa huko Lemnos kwa tuhuma ya kupiga picha za mahali pa kijeshi, wakakaa rumande siku 129. Ni nadra hadithi ya kubuni kumfunga mtu kwa sababu ya kushikamana mno na ukweli.

Sheria za Vita yageuza desturi ya nyongeza. Badala ya kumpa mchezaji silaha kubwa zaidi, yampa kazi ya aliyebaki baada ya silaha. Kisa chake chamhusu mtegua mabomu, mtumishi wa shirika la misaada la kubuniwa, ambaye baada ya vita afika katika kijiji kiitwacho Oreokastro, kaskazini mwa Altis. Mkononi ana chombo cha kutambua chuma kilichofichwa ardhini. Kazi yake ni kutembea polepole, na katika mchezo ambao mwendo wa haraka ndio uhai, polepole hiyo ni fundisho lenyewe. Anapokuwa akitafuta mabomu azungumza kwa simu na mwandishi wa habari anayetaka kujua yaliyotokea, na kila anapokutana na mabaki fulani hadithi yarudi nyuma, mchezaji akavishwa mwili wa mtu mwingine aliyepita mahali pale wakati wa vita, leo wa upande huu, kesho wa upande ule. Mwisho huulizwa lawama ya kijiji imwangukie nani.

Muundo huu ni mzuri, na yafaa useme hivyo kabla ya lolote jingine. Mwenye utenzi hana budi kusimama mahali pamoja na kusimulia. Mwandishi wa tamthilia aweza kuwapa wote sauti, lakini mtazamaji hubaki kitini. Hapa yule yule aliyetega bomu asubuhi ndiye aliteguaye jioni, kwa mikono ile ile, na hakuna mhubiri aliyesimama kati ya mkono na mkono kumweleza maana yake. Wala si maneno matupu: kampuni ilishauriana na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu katika kuitengeneza nyongeza, na nusu ya faida ya mauzo ya mwaka 2017, dola 176,667, ikapewa Kamati hiyo. Msomaji wa Tanzania ana sababu nyingine ya kuielewa kazi ile. Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku kunusa baruti iliyozikwa. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alipewa nishani ya dhahabu nchini Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Na Msumbiji, jirani ya Ruvuma, ilitangazwa kuwa haina tena mabomu ya ardhini yanayojulikana mwaka 2015, miaka 23 baada ya vita vyake kukoma. Mtembeo wa polepole wa Oreokastro si jambo la kigeni upande huu wa dunia.

Lakini jina la nyongeza ni Sheria za Vita, na jina hilo ni dai kubwa. Dai la namna hii hupimwa vizuri mahali ambapo vita vilipita na sheria haikupita navyo, na mahali hapo si lazima patafutwe mbali. Nyanda za Juu Kusini zatosha.

Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, mashariki ya mji wa leo wa Iringa, kikosi cha Wajerumani chini ya Emil von Zelewski kilivamiwa na Wahehe waliokuwa wamejificha kando ya njia. Zelewski aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1894, ngome ya Kalenga ilipigwa mizinga ikaingiwa. Mkwawa aliendelea kupigana porini hata tarehe 19 Julai 1898, alipojipiga risasi asikamatwe. Na kichwa chake kikakatwa kikachukuliwa. Katikati ya miaka hiyo na ile iliyofuata, mataifa ya Ulaya yalikutana The Hague, mwaka 1899 na tena mwaka 1907, yakaandika kanuni za vita vya nchi kavu: mateka asiuawe, mali ya adui isiharibiwe pasipo dharura ya vita, mji usio na ulinzi usipigwe. Ujerumani ilitia sahihi. Ila mapatano yenyewe yalisema wazi kwamba yawafunga waliotia sahihi, wao kwa wao. Vita vya Majimaji vilipozuka mwaka 1905, na nyumba na mashamba ya Ubena na Upangwa yakatiwa moto, hapakuwa na kanuni iliyovunjwa katika karatasi, kwa kuwa Wabena na Wapangwa hawakuwa wametia sahihi, wala hapakuwa na aliyewauliza.

Hapa ndipo uhalisi wa mchezo wapatikana na upungufu. Katika Altis sheria ni kama hewa: ipo juu ya wote, na swali ni nani aliyeichafua. Nyongeza haikufikiri hali ambayo sheria yenyewe ni mali ya upande mmoja. Mchezaji akiulizwa nani alaumiwe, huulizwa juu ya matendo, fulani alitega, fulani alidondosha bomu lililomwaga vibomu vidogo na vingine visilipuke. Haulizwi juu ya mwandishi wa kanuni na mipaka ya kanuni. Na kama yuko atakayesema kwamba hilo ni jambo la wanasheria, lisiloweza kuingia katika hadithi, basi na asome kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles, uliotiwa sahihi tarehe 28 Juni 1919. Katika mkataba ule uliogawa nchi na bahari, kifungu hicho kiliagiza fuvu la Sultani Mkwawa likabidhiwe serikali ya Uingereza katika muda wa miezi sita. Fuvu lilifika Kalenga tarehe 19 Juni 1954, likaletwa na Gavana Twining, likapokewa na Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge. Miezi sita iligeuka miaka thelathini na tano. Ni mtunzi gani wa visa vya kompyuta aliyewahi kubuni kitu cha kutafutwa chenye historia nzito kama hii?

Swali la lawama nalo, likipelekwa Iringa, halikubali majibu ya kuchagua moja katika orodha. Wahehe waliopigwa vibaya kabla ya 1898 hawakuingia Majimaji. Boma la Iringa chini ya Kapteni Nigmann lilikwenda kulisaidia boma la Mahenge, lililokuwa limeshambuliwa tarehe 30 Agosti 1905, na wako Wahehe waliopigana upande wa Wajerumani. Askari waliofyatua bunduki za mtombo pale Mahenge walikuwa Waafrika. Mwezi uliofuata Wabena waliushambulia misheni wa Yakobi karibu na Njombe. Atakayetaka kujua nani alaumiwe hana budi kwanza aulize: lawama ya nini, na ya mwaka gani? Sifa ya nyongeza ni kwamba yamfanya mchezaji aone uzito wa kujibu. Upungufu wake ni kwamba mwisho yadhani jibu lapatikana. Mulokozi na Hussein waliliacha swali hilo jukwaani likiwa limefunuka, na watazamaji wakaenda nalo nyumbani.

Kuna jambo jingine, nalo ni la ajabu zaidi kwa kuwa halikukusudiwa. Katika mchezo wa vita mchezaji akifa huinuka. Aweza kurudi mahali alipoweka alama, akajaribu tena, mara ya tatu, mara ya kumi, hata ajue kila kichaka kilichoficha adui. Wachezaji hawalioni jambo hilo kuwa ni imani. Waliona kuwa ni kawaida ya chombo. Lakini msomaji wa Kinjeketile halioni hivyo. Dawa ya maji iliahidi kwamba risasi za Wajerumani zingegeuka maji, na watu waliikubali ahadi hiyo, wakaenda Mahenge wakiwa wengi kuielekea bunduki ya mtombo. Mchezaji wa leo amepewa dawa ile ile, nayo yafanya kazi. Amenyweshwa pasipo kujua. Tofauti yake na mtu wa 1905 ni kwamba mtu wa 1905 alidhani amekingwa ili apigane, na huyu hupigana kwa sababu amekingwa kweli. Mchezo unaojiita wa uhalisi umetimiza, kwa hesabu za kompyuta, jambo ambalo historia ililikanusha kwa maelfu ya maiti. Yafaa kusema, kwa haki, kwamba Sheria za Vita yajua ubaya wa dawa hiyo kidogo: kazi ya kutegua mabomu hutia hofu kuliko mapigano, maana mabomu hayana uso wa kulengwa, na kuinuka tena hakumfariji sana mtu ambaye adui wake hapigwi. Ila bado huinuka.

Tena njaa. Makisio ya waliokufa katika Majimaji hutofautiana sana, mengine hufika watu 300,000, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na njaa iliyofuata baada ya vyakula kuchomwa. Njaa ndiyo iliyokuwa silaha kuu ya vita vile, na silaha hiyo haimo katika nyongeza inayohesabu silaha zilizokatazwa. Wala haiwezi kusemwa kwamba kompyuta hazijui njaa. Mwaka 2012, kutokana na Arma 2, mchezo uliotangulia huu, ulitungwa mchezo uitwao DayZ, ambamo mchezaji hana budi kutafuta chakula na maji, asipopata hudhoofu na kufa. Na kampuni hiyo hiyo ya Prague ikauchukua ikauuza. Njaa basi ilikwisha kupatikana katika ghala la nyumba ile. Ilitiwa katika nchi ya wafu watembeao, mahali pa kutisha watu kwa raha yao. Ilipokuja zamu ya kusimulia vita na sheria zake, ikaachwa ghalani. Hilo si kosa dogo la kusahau. Ni dalili ya jinsi vita vinavyofikiriwa na wale waliovisoma kwa silaha badala ya kuvisoma kwa mashamba.

Na wapagazi. Mei 1916 majeshi ya Jenerali Edward Northey yaliingia kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yakachukua Neu Langenburg, yaani Tukuyu ya leo, wakati ambapo mji wa Mbeya haukuwapo bado. Julai walipigana Malangali, na tarehe 29 Agosti wakaingia Iringa. Oktoba majeshi ya Wajerumani chini ya Wahle, yakirudi nyuma kutoka Tabora, yaliwaangukia katika njia zao za chakula: Ngominyi ilichukuliwa, Iringa ikashambuliwa, Lupembe ikazingirwa, Novemba kikosi kimoja cha Wajerumani kikajisalimisha Ilembule. Vita viliendelea huku na huku hata tarehe 25 Novemba 1918, Lettow-Vorbeck alipokabidhi silaha zake Abercorn, Mbala ya leo, siku kumi na nne baada ya Ulaya kunyamaza. Katika nchi hiyo yenye milima na matope hapakuwa na gari lililotosha, wala mnyama aliyestahimili mbung'o. Kila risasi na kila kibaba cha unga kilifika kichwani pa mtu. Waingereza waliwatumia wapagazi wapatao milioni moja katika vita vile vya Afrika ya Mashariki, na waliokufa, kwa hesabu ya serikali yao, ni kama 95,000. Upande wa Nyasaland waliitwa tengatenga. Dar es Salaam jina lao limebaki sokoni Kariakoo. Mwaka 2021 tume iliyoundwa na halmashauri ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wa Afrika na nchi nyingine, hawakuandikwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Yapo makaburi ya vita hivyo mjini Iringa, yamepangwa safi, na mawe yake yasomeka. Wapagazi hawana mawe ya namna hiyo.

Sheria za Vita imeongeza gari la misaada, ndege ndogo isiyo na rubani iwezayo kudondosha vikaratasi, mikoba na mavazi ya watumishi wa misaada, na magofu. Vyote hivyo vimefanywa kwa uangalifu. Lakini katika dunia ile yote, mzigo hufika kwa gari au kwa ndege, na mtu abebaye hubeba chake mwenyewe mgongoni. Mtu ambaye kazi yake vitani ni kubeba cha mwingine hayumo. Wala wenyeji wa Oreokastro hawasimulii kijiji chao. Wenye kuzungumza mwanzo hata mwisho ni mtegua mabomu na mwandishi wa habari, wageni wote wawili, na kijiji chasikilizwa kwa simu. Abdul Karim bin Jamaliddini hakuwa mgeni Lindi.

Yuko atakayejibu kwamba si haki kuidai kazi ya Prague habari za Iringa. Jibu hilo lingefaa kama mchezo ungekuwa umefungwa. Haukufungwa. Pamoja na Arma 3 hutolewa chombo cha kupangia visa, ambacho kila mnunuzi aweza kukitumia kujenga vita vyake, na maelfu wamekwisha kufanya hivyo. Hata ardhi mpya huchorwa na wachezaji wenyewe. Kompyuta iwezayo kuubeba mchezo huu ni ghali, na si kila mwanafunzi wa Mbeya au Iringa aipata, lakini wako waipatao, na mafundi wa kuandika programu hawakosekani katika vyuo vya miji hiyo miwili. Lugalo yaweza kujengwa. Vilima vyake vyapimika, njia yake yajulikana, na mahali pa mapigano pana mnara wa ukumbusho. Kuta za Kalenga zaweza kuinuliwa tena, ukuta ule ule wa lilinga uliolipa boma la Wajerumani, na mji wa baadaye, jina la Iringa.

Atakayeanza kazi hiyo atafungua sanduku la vifaa alilopewa, na kwa mara ya kwanza atajua hasa nyongeza hii ina nini na haina nini. Bunduki atapata, si za mwaka 1891, lakini waungwana wengine wamekwisha kuzichonga za zamani. Nyumba zilizobomoka atapata, na miti, na moshi, na mtu wa kukimbia na kuanguka. Mikuki atalazimika kuitunga. Kisha atafika kwenye safu ndefu ya watu waliokuwa nyuma ya Zelewski asubuhi ile, wenye mizigo vichwani, wasio na silaha, waliokufa pamoja na askari na majina yao yasiandikwe popote. Na atatafuta katika orodha yote jinsi ya kumfanya mtu atembee akiwa na mzigo kichwani, asiione.